Anaangusha kijiko mara 20 na kucheka: bintiyo anatafuta nini?

Swali: "Binti yetu ametimiza miezi 7. Tunakaa Kadutu, Bukavu. Kila nikimpa kijiko anakiangusha, anakitazama chini, ananitazama mimi, kisha anacheka. Nikimwokotea anaangusha tena. Jana tulifika mara 20. Mimi nafurahi mno, ila mama mkwe anasema namdekeza. Siku hizi anasema 'ba-ba-ba' kutwa nzima, analia nikitoka chumbani, na akiketi bado anapinduka, wakati mtoto wa jirani wa umri uleule anatambaa. Mimi nasema naye Kiswahili, bibi yake Mashi, mama yake humwimbia kwa Kifaransa. Je, haya yote ni ya kawaida? Na mimi baba nifanye nini nimsaidie?"

Jibu

Endelea kuokota, baba. Hicho kijiko ndicho shule ya bintiyo kwa sasa, na wewe ndiye mwalimu anayemtaka.

Mtazame vizuri atakapokiangusha tena. Mtoto wa miezi 3 au 4, kitu kikimponyoka, husahau palepale. Kilichotoka machoni kwake ni kama hakikuwahi kuwepo. Wako anainamisha kichwa kukifuata. Maana yake ameanza kujua kwamba kijiko kipo hata asipokishika. Anarudia kwa sababu ana maswali zaidi ya moja, na kwa umri wake mara moja haitoshi kujibu hata moja. Je, kitu kikiachwa huenda chini kila siku, au leo tu? Kitalia vipi? Na huyu baba atafanya nini? Ndiyo maana baada ya kutazama sakafu anatazama uso wako. Jibu la swali la tatu liko usoni mwako.

Mpe basi majibu tofauti. Kijiko cha chuma kwenye sementi hulia kwa ukali, cha mti hugonga ko!, na kikwembe (kitenge) kilichofungwa fundo hakitoi sauti kabisa. Mpe kimoja baada ya kingine, ungoje. Mara nyingi utaona kile cha kikwembe kinamshangaza kuliko vyote: anakodoa macho, anasubiri sauti ambayo haikuja. Hapo mwambie, "Kimeanguka! Kiko wapi?" Neno linashika zaidi likisemwa juu ya kitu anachokitazama yeye saa hiyohiyo, kuliko ukimgeuza kichwa umwonyeshe kingine ulichochagua wewe.

Kuhusu kumdekeza, mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba mtoto wa miezi 7 bado hana akili ya kupanga ujanja wa kumchosha mtu. Anafurahi kwa kuwa jambo alilolitegemea limetokea. Lakini mama mkwe ana neno la kweli mahali pamoja: ukichoka, acha. Kaa naye dakika 5 mpaka 10, mara kadhaa kwa siku. Akigeuza uso, akipiga miayo, akijisugua macho au akijikunja mgongo kwa nyuma, ameshiba mchezo. Wazazi wengi hapo hudhani amechoshwa na kile kitu, wakamletea kingine na kingine, wakatikisa na kuimba kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto analia, nao wanashangaa. Alichotaka ni utulivu.

Mchezo unaofuata baada ya kijiko ni wa kuficha. Kaa naye kwenye mkeka, uchukue kifuniko cha sufuria anachokipenda. Akiwa anaangalia, kifunike nusu kwa kipande cha kikwembe, nusu iwe inaonekana. Nyamaza, uhesabu moyoni mpaka 10. Hapa ndipo watu wengi huharibu: wanangoja sekunde mbili, wanafunua wenyewe. Mkono wa mtoto huyu unachukua muda mrefu kupokea amri ya kichwa chake. Akishaweza kuvuta chenye nusu inayoonekana, baada ya siku au wiki, kifunike chote. Wengi huanza kutafuta kilichofunikwa chote kwenye miezi 8 hivi.

Kisha litakuja jambo ambalo huenda likakutia wasiwasi bure. Weka vipande viwili vya kikwembe, kimoja kulia, kimoja kushoto. Ficha kifuniko chini ya cha kulia mara mbili tatu, akipate. Halafu, akiona kwa macho yake, kifiche chini ya cha kushoto. Ataenda tena kulia! Si mjinga wala haoni vibaya. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake watatu tangu kuzaliwa, aliliandika kosa hili, na watoto wengi hulifanya kati ya miezi 8 na 12. Mkono unarudia njia uliyoizoea kabla kichwa hakijaweza kuuzuia. Usimsahihishe. Mfunulie kushoto, afurahi, muendelee. Mwezi mmoja au miwili baadaye jaribuni tena, uone alipofika.

Sasa kilio cha ukitoka chumbani utakielewa. Zamani ulipotoka ulikuwa umekwisha, kama kijiko. Sasa anajua uko mahali fulani, ila hajui kama utarudi wala lini. Kulia huku huzidi kwenye miezi 8 au 9, na huenda akaanza kuwakimbia hata shangazi aliowachekea juzi. Usitoroke kwa kunyata akiwa amegeuka, maana akikutafuta asikuone atakuganda zaidi kesho. Muage kwa maneno yaleyale kila siku, nenda, na ukirudi mwite kwanza kabla hajakuona. Kujificha uso nyuma ya kikwembe na kutokea ghafla ni mazoezi ya jambo hilohilo: baba anapotea, baba anarudi. Shangazi naye asimpokonye mikononi mwa mama. Akae pembeni kwanza, aseme na watu wazima, mtoto amzoee kwa macho.

Tuje kwenye "ba-ba-ba". Najua ungependa iwe inakuita wewe. Bado. Midomo ikifungwa na kufunguliwa sauti ikipita, hutoka "ba". Pumzi ikipita puani hutoka "ma". Ndizo sauti rahisi kwa kinywa cha mtoto, na ndiyo maana lugha nyingi duniani zimewapa wazazi majina ya namna hiyo. Kwa kawaida jina lenye maana huja karibu na mwaka mmoja. Hata hivyo "ba-ba-ba" ni kazi kubwa, kwa kuwa ameanza kukata sauti kuwa silabi na anazisikiliza mwenyewe. Mjibu hivi: akisema "ba-ba-ba", rudia "ba-ba-ba" uleule mwendo wake, unyamaze umtazame mdomo. Akijibu, mpe neno lenyewe: "Baba. Baba yuko hapa." Kinachoharibu mazungumzo haya ni baba kusema mfululizo bila kumwachia nafasi.

Silabi hizi zinapima masikio pia. Mtoto asiyesikia huweza kulia, kucheka na kutoa sauti za koo kama wengine katika miezi ya mwanzo, hivyo watu wa nyumbani hawatambui. Lakini "ba-ba" na "da-da" humchelewa. Mtoto akifika miezi 10 bila silabi za namna hiyo, apimwe masikio hata kama anaonekana mchangamfu. Nyumbani unaweza kujaribu: mama amshike, wewe simama nyuma yake hatua moja hivi, pembeni, kivuli chako kisimfikie, umwite kwa sauti ya kawaida. Fanya upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa umri wake anapaswa kugeuka. Usipige makofi, maana hewa na mtikisiko vinaweza kumgeuza hata kama hakusikia.

Lugha tatu zisikutie hofu hata kidogo, wala msimnyime Mashi ya bibi yake. Katika miezi hii sikio la mtoto hutofautisha sauti za lugha nyingi sana, hata zile asizosikia nyumbani. Kuanzia miezi 10 hadi 12 hubana na kushika zile zinazomzunguka. Kwa hiyo huu ndio wakati wa bibi kumwimbia, kumhesabia vidole na kumsimulia anachokipika. Kila mtu aseme naye lugha inayomtoka bila shida. Baadaye atachanganya maneno katika sentensi moja, kama watu wazima wa Bukavu wanavyofanya kila siku, na hilo si kuchanganyikiwa. Ila lugha hutoka kwa mtu. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003, watoto wa miezi 9 waliochezewa na mtu aliyesema Kichina walishika sauti zake. Waliotazama mtu huyohuyo kwenye televisheni hawakushika kitu. Ndiyo maana simu yenye katuni haiwezi kukushikia nafasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini.

Kuhusu mtoto wa jirani. Shirika hilohilo lilitoa mwaka 2006 matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, Uhindi, Norwei, Oman na Marekani. Waliketi bila kushikwa wakiwa kati ya miezi 4 na 9 hivi. Walitambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5 na 13 na nusu. Walitembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Na karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walijiburuta kwa tumbo au kwa makalio, au wakasimama moja kwa moja. Jirani yako na wewe mko ndani ya mlango mmoja mpana. Kama bintiyo alizaliwa kabla ya wakati, toa kwanza wiki alizowahi ndipo uhesabu umri wake.

Kupinduka kwake kuna utaratibu. Mtoto hujifunza kujikinga kwa mikono mbele kwanza, kwenye miezi 6. Kisha pembeni, kwenye 7 au 8. Nyuma huja mwisho, kwenye 9 au 10. Kwa hiyo mto uweke nyuma yake, ambako hana kinga yoyote. Pembeni weka kikwembe kilichokunjwa mara nne tu, ili akianguka asiumie lakini ahisi kwamba ameanguka. Wengine humkalisha ndani ya beseni na kumzungushia nguo pande zote. Anatulia, kweli, lakini hapo nguo ndizo zinazoketi. Mgongo wake haujifunzi. Chombo cha kuchezea kiweke mbele kidogo kuliko mkono wake unavyofika, upande mmoja, kisha upande mwingine. Kujinyoosha na kurudi ndiko kunakoimarisha kiuno.

Mlaze kwa tumbo pia akiwa macho, jumla ya nusu saa au zaidi kwa siku, vipande vipande. Akilalamika, lala chini wewe mwenyewe, uso kwa uso naye. Hatavumilia mkeka, lakini uso wako atauinulia kichwa. Mgongoni kwa mama ni pazuri, anasikia na kuona shughuli zote, ila asikae amefungwa zaidi ya saa moja mfululizo bila kushushwa anyooshe miguu. Kigari cha magurudumu cha kumsimamishia, kile wengi wanachokiita yupala, usikinunue. Hakiharakishi kutembea, kinamfikisha kwenye ngazi na moto kabla hujainuka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Na Bukavu yetu ni ya milima, nyumba nyingi zina ngazi mlangoni.

Vitu vya kuchezea msitumie pesa. Kifuniko, kikombe cha plastiki, mwiko, chupa ndogo ya plastiki yenye mawe machache ndani, kizibo kikikazwa na kuzungushiwa gundi ya utepe. Ikague kila asubuhi. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kigogo cha karatasi ya choo ni kidogo mno kwake, kitaweza kumkaba. Karanga zisimfikie kabisa. Kamba na shanga za shingoni zivuliwe, hasa usiku.

Mezani pia anavumbua. Mpe kijiko chake, wewe shika kingine, umlishe katikati ya michezo yake. Uji ukimiminika kama maji kutoka kwenye kijiko ni mwepesi mno: tumbo lake linachukua kama mililita 200 tu, litajaa maji naye abaki na njaa. Uwe unateleza polepole. Masoso, unga wa mahindi, soya na mtama, ni mzuri, mradi soya ilikaangwa kabla ya kusagwa, kwani soya mbichi huzuia tumbo kutumia protini yake. Ongeza kijiko cha chai cha mawese, na kijiko kimoja cha unga wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokaushwa, zikatwangwa na kuchujwa hadi zisibaki miiba. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha kwenye miezi 6, na maziwa ya mama peke yake hayaijazi. Mara 2 au 3 kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Avoka iliyopondwa, lengalenga laini, maharagi yaliyochujwa ganda, vyote anaweza. Chumvi na sukari hana haja navyo. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mdogo mpaka ile ya kupumulia.

Akikohoa na kuwa mwekundu akitoa sauti, mwache akohoe, usitie kidole mdomoni. Asipotoa sauti na kubadilika rangi, amekabwa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini ya kifua, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, kisha mgeuze chali, bonyeza mara 5 kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta msaada.

Uzito: wasichana wa miezi 7 wako katikati kwenye kilo 7.6, na kilo 6 hadi 9.8 bado ni ndani ya mipaka. Muhimu kuliko namba yenyewe ni mstari wa kadi yake ya kilo, uwe unapanda kila mwezi. Sasa ataongeza kama gramu 300 kwa mwezi, si zile 800 za mwanzo, msishtuke. Mstari ukilala miezi miwili bila kupanda, nendeni kituo cha afya bila kungoja tarehe.

Nendeni pia mapema mkiona yafuatayo: mwili umelegea kama nguo au umekakamaa, hapeleki vitu mdomoni, macho yana makengeza au mboni ina weupe, hacheki na mtu, ameacha jambo aliloliweza. Na jambo moja ambalo watu hulisifia kimakosa: akitumia mkono mmoja tu daima. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia yote miwili. Kuchagua mapema hivyo kunaweza kumaanisha kwamba mkono ule mwingine ni dhaifu.

Kwa uliyoandika, sioni hata moja kati ya haya. Kinachokungoja ni kidole gumba. Sasa anazoa vitu kwa kiganja kizima, kama anayefagia. Kwenye miezi 9 au 10 atakutanisha kidole gumba na cha shahada, ataokota punje moja ya wali, ataiinua karibu na macho na kuichunguza kabla ya kuila. Wiki hiyohiyo ataokota pia vyote mlivyovisahau. Kwa hiyo anza leo: lala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba chenu, macho yako yawe urefu wa macho yake, uzunguke polepole. Betri ya rimoti, sarafu, kifungo, kizibo. Chupa ya soda yenye petroli chini ya meza ihamie juu, kwenye chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji. Babula, jiko la makaa, iwekwe nje ya njia yake hata makaa yakionekana yamezima, maana jivu huhifadhi moto kwa saa nyingi. Ukimaliza, mkalishe hapo katikati, mto nyuma yake, umpe kijiko.